Chembe Nyeupe za Mzee Fanueli

Jumatatu, 8 Machi 1954

Saa mbili asubuhi wamemleta Mzee Fanueli kwa machela kutoka Igamba. Ananuka kama ndizi zilizovundikwa zikasahaulika. Anahema kwa nguvu, maneno hayaeleweki. Wodi nzima ikaamini kalewa — mzee wa kanisa! Ndiye aliyenitenga na Meza ya Bwana miezi mitatu kwa kikombe cha pombe ya ulezi. (Vilikuwa vitatu. Hapa hasomi mtu.) Nilikwenda nyuma ya jiko nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Kisha nikapima mkojo wake. Ile dawa ya bluu nilipoichemsha nao ikawa nyekundu kama tofali. Kicheko kikaisha. Ni kisukari, kimeshapanda mpaka kumtia sumu mwilini, na harufu ile ndiyo sumu yenyewe. Pombe haimo. Daktari akamtundikia maji ya chumvi, akaanza insulini.

Lakini tumbo. Gumu, hagusiki. Daktari akahisi kidole tumbo kimeoza, akaniagiza nihesabu chembe nyeupe za damu. Elfu ishirini na saba! Mtu mzima mwenye afya hapiti elfu kumi na moja. Basi, akasema Daktari, kuna usaha, tumpasue mchana huu.

Hapo mdomo wangu ukanitangulia. Nikamwambia kuhusu yule mama wa Ihanda mwaka jana, naye wa kisukari, tumbo hivihivi, chembe elfu ishirini na nne. Daktari alikuwa safarini, hapakuwa na wa kumpasua. Tukampa maji na insulini tu. Siku ya tatu chembe elfu tisa, anagombana na mpishi juu ya mboga. Kisukari kikichafuka, chembe nyeupe hutoka zenyewe, usaha uwepo usiwepo. Ni kama watu wa Mlowo wakisikia honi ya lori: wote wako barabarani kabla ya kujua kama limebeba kitu.

Daktari hakupenda. Mimi ni dresa tu, msaidizi wa kufunga vidonda na kuchungulia hadubini, yeye amesoma Ulaya miaka saba. Ila alisoma daftari langu la mwaka jana, ukurasa mzima, akauliza chembe changa ni ngapi. Chache, nikasema. Zile changa ndizo huitwa vitani kwa haraka, usaha ukiwepo kweli. Akamwuliza Elizabeti, mke wa mzee, kilichotangulia. Kutapika tangu Jumamosi, akasema, tumbo limeanza leo alfajiri. Daktari akakuna kidevu. Kidole tumbo kwa kawaida huuma kwanza, kutapika baadaye. Amenipa mpaka saa kumi na moja jioni.

Nesi Jenista akanivuta pembeni.

"Boazi, akifa watasema umemwua kwa sababu alikutenga."

Sikuwa nimewaza hilo. Sasa ni saa tisa na siwazi lingine. Chakula kimenishinda.

Jumanne, 9 Machi

Jana jioni elfu ishirini na moja. Leo asubuhi kumi na sita. Tumbo laini kama unga wa mkate uliokandwa. Hajapasuliwa!

Mzee ameamka, ameomba uji, kisha akauliza ni nani kati yetu anayenuka tumbaku. Amepona huyu.

Jumatano, 10 Machi

Elfu kumi na tatu. Daktari amemsimulia Sista wa wodi yote ya Jumatatu mbele yangu, mzee akisikia kitandani. Nimevimba kichwa, kofia hainitoshi.

Alhamisi, 11 Machi

Elfu ishirini na mbili.

Nimeosha kioo, nikahesabu upya. Ishirini na mbili. Mara ya tatu, vilevile. Mkojo safi, karibu bluu kabisa, kwa hiyo kisukari hakina hatia leo. Mwili una joto. Na chembe changa zimejaa tele.

Nikakaa na kalamu. Kumi na mbili ingependeza. Ingekuwa namba ya mtu anayepona, na ya dresa mwenye akili. Nikaandika ishirini na mbili, nikaipeleka kabla sijajionea huruma. Nikamwambia Daktari kwamba maneno yangu ya Jumatatu leo hayafai. Safari hii usaha upo.

Akapima tumbo: laini. Kifua: safi. Jenista ndiye aliyefunua blanketi upande wa miguu. Kati ya vidole vya mguu wa kushoto pana shimo jeusi, linavuja. Mzee alikanyaga msumari wiki mbili zilizopita, hakusikia maumivu, hakumwambia mtu. Siku nne sote tumelikodolea tumbo, na mimi wa kwanza na namba zangu.

Amechomwa penisilini. Daktari anasema kidole hicho cha mguu kikatwe sasa hivi, kisipokatwa mguu wote utafuata, pengine na mwenyewe. Mzee hakumtazama yeye. Akanitazama mimi.

"Jumatatu ulisema nisikatwe."

"Ndiyo, mzee."

"Na leo?"

"Leo nasema ukatwe."

"Kisukari hichohicho?"

"Damu imebadilika, mzee. Nimehesabu mara tatu."

 Elizabeti alikuwa ameshika upindo wa kitenge chake, anausokota. Kisha mzee akakubali, ila kwanza aombe kidogo. Daktari, mikono imeshaoshwa, akasema sawa.

Hiyo ilikuwa saa nne na robo. Sasa ni saa tano kasoro robo. Visu nimeshachemsha, sina la kufanya, naandika huku mlango uko wazi na namsikia. Ameombea mwanawe aliyevuka kwenda Rodeshia. Ameombea kahawa. Ameombea wabebaji wa machela, mmoja mmoja kwa jina. Daktari ameosha mikono mara ya pili.

Sasa amelitaja jina langu. Amenyamaza. Daktari amemsaidia kusema Amina.

Mzee anasema bado.