Droni Yangu na Mzee Toktobek

Jumatatu, 5 Agosti

Begimai mkamwana wangu hana adabu. Nimemwambia usoni: ukininong'oneza jibu tena mbele ya mtahini, nitakurudisha kwa mama yako, na uzee wako huo! Maswali ya kuandika nimefaulu mwenyewe. Droni ni yangu, mjukuu kaniletea. Magoti yamekataa kupanda farasi, basi malisho ya juu nitayaona kwenye simu, kabla theluji haijafunika kila kitu. Ila bila leseni droni inachukuliwa. Umebaki mtihani wa kurusha. Usingizi hauji.

Jumatano, 7 Agosti

Nimefeli. Mimi!

Nilirusha vizuri, hata Begimai alinyamaza. Kufika ng'ambo ya bonde, nikamwona kwenye simu jirani yetu Mzee Toktobek, kaketi nje ya hema lake. Sasa nipite juu ya kichwa cha mzee bila salamu? Hata mlevi hushuka farasi mbele yake. Nikaiteremsha droni, nikaiinamisha kidogo. Akaweka mkono kifuani, kaitikia salamu.

Mtahini akasema nimemkaribia mtu mno, kanuni imevunjwa. Nikamuuliza nani alimlea.

"Bibi, kanuni haijui mzee wala kijana," akasema. Masharubu yenyewe hayajaota.

Nirudie Jumatatu, njia ileile. Nikifeli tena, mpaka mwakani. Mwakani nani kaniahidi?

Ijumaa, 9 Agosti

Sikai, silali. Nimekanda unga usiohitajika. Begimai ananiambia nipite tu, mzee haoni vizuri. Haoni — na mkono ule kifuani?

Jumapili, 11 Agosti

Begimai karudi kutoka kisimani anacheka hadi kaketi chini. Mzee Toktobek anajisifu bonde zima kwamba nimemsalimia kutoka angani. Kesho atakaa nje tangu asubuhi, na koti lake la sherehe, na bakuli la maziwa ya farasi kwa ajili ya droni!

Mimi sikucheka. Tangu mkewe afe, nani kamwendea mzee yule? Nikishuka, malisho siyaoni. Nisiposhuka — nitamtazama vipi?

Nimemwita Begimai. Nimemwambia: "Funga mdomo, usikilize. Kesho mapema chukua mkate na siagi, uende kwa mzee. Mkalishe ndani kwa maneno, unayo mengi, mpaka mlio wa droni upite. Akikushinda akatoka, toka naye, umwinamie wewe kwa jina langu. Mpaka chini."