Kikwembe cha Mama Furaha

Siku ya ine, magaribi

Basi kiko bulu! Kile kikwembe, kitambaa chake cha kujifunga, tulikibishania miaka yote, mimi na marehemu bibi yangu, Mama Furaha. Mimi nasema kijani, yeye anacheka: «Baba Furaha, weye hauone muzuri. Enda wakupime.» Nikakataa kwa kiburi.

Leo nimerudi kutoka hospitali ya Nyankunde, wamenipasua jicho moja. Munganga anasema kioo cha ndani kiligeuka manjano sawa karatasi ya zamani, lakini polepole, ubongo ukazoea, mutu hajue.

Nimefungua sanduku yake, nikatoa kile kikwembe. Nilitaka tu kumwambia: ulisema kweli.

Nikafunika jicho walilopasua. Kikwembe kikarudi kijani, sawa siku zile za kubishana. Nimekaa hivyo mupaka mukono ukachoka.