Nani Alijifunza Kucheza Wapi?

Jumapili, Mikumi. Joto limekataa kuondoka hata baada ya mvua ya mchana, na miguu yangu inawaka moto. Jana niliingia fainali. Nilifurahi sana, kisha nikaanza kujiuliza, na mpaka sasa najiuliza.

Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza: mimi ni Tatu, mtangazaji wa kipindi cha asubuhi katika redio ndogo ya Kilosa. Niliingia kwenye shindano la dansi la watu wanaojulikana wilayani kwetu, linalofanyika ukumbini hapa Mikumi. Kila mshiriki anapewa mwalimu wa kumfundisha na kucheza naye. Nusu ya alama hutoka kwa majaji, nusu kwa watu wanaopiga kura kwa simu. Mpaka jana tulikuwa tumebaki watatu, tukigombea nafasi mbili za fainali: mimi, Kocha Jumbe wa timu ya mpira, na Dada Felista, muuguzi ambaye sauti yake ya kwaya inajulikana mpaka Kidete.

Felista alikuwa anatuacha mbali. Akiinua mkono tu, ukumbi unanyamaza.

Kisha maneno yakaanza. Kocha alisikia kwamba Felista, kabla ya kusomea uuguzi, alikuwa kwenye kikundi cha ngoma kilichotumbuiza wageni kwenye hoteli za karibu na hifadhi. Habari hiyo akaifikisha kwa Mzee Chande, mwenye ukumbi na mwandaaji wa shindano. Mzee hakutaka kuamua peke yake. Alituita mimi na Kocha, akaitikia shikamoo zetu kwa uchovu, akasema kama wote wawili tunaona si haki kushindana naye, atamwondoa.

Kocha alisema si haki. Mimi niliomba muda.

Sikuomba muda kwa sababu ya wema. Akitoka Felista, mimi niko fainali bila hata kucheza, na wazo hilo lilikuwa tamu. Lakini kuna kitu kilinikereketa: nilitaka kujua hiyo ngoma ya hotelini ilimpa nini hasa. Nikapanda bodaboda nikaenda kwake, Ruaha.

Nilimkuta anaanua nguo kwa haraka, maana mashamba ya miwa yalikuwa yamechomwa na masizi yalikuwa yanadondoka uani. Nilimwamkia, tukaanua wote, ndipo nikamweleza kilichonileta. Hakukasirika. Alisema kweli alicheza, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Fomu iliuliza kama anacheza kwa kazi, naye kazi yake ni kuchoma sindano.

Nikamuuliza kama ngoma inamsaidia kwenye rumba tunayoshindania. Alifikiri kidogo. Akaniambia miguuni inamsumbua zaidi kuliko kumsaidia, kwa sababu sindimba waliyokuwa wanacheza hotelini ilimfundisha kuinama na kukanyaga kwa nguvu, wakati mwalimu wake wa sasa kila siku anampigia kelele anyooke na atelezeshe mguu. Nikadhani amemaliza. Kumbe bado.

“Lakini nisikudanganye, Tatu. Kutazamwa na watu hakunitishi. Wewe ukipanda jukwaani unatetemeka. Mimi nilimaliza kutetemeka zamani, mbele ya wazungu. Hicho ndicho nilichokuja nacho.”

Angeweza kuishia kwenye miguu, na ningemwamini.

Nilirudi kwa Mzee Chande nikamwambia nitacheza na Felista, ila kabla ya kucheza watu waambiwe kila mmoja wetu ametokea wapi. Siyo yeye peke yake, wote. Kocha alinung'unika kisha akakubali.

Basi jana alasiri mshereheshaji akatangaza. Kwa Felista alisema habari za kikundi cha ngoma, watu wakaguna. Kwa Kocha alisema amecheza mpira tangu utotoni, pumzi anayo, watu wakacheka. Alipofika kwangu akasema dada huyu hajawahi kucheza popote, lakini sauti yake mnaamka nayo kila siku.

Ukumbi ulilipuka. Watu waliitikia salamu yangu ya redio kwa pamoja, hata kabla sijaitoa.

Hapo ndipo nilipong'amua. Wiki nzima tumechunguza miguu ya Felista, na hakuna aliyeuliza habari za wasikilizaji wangu, ambao ndio wenye simu za kupigia kura.

Nilicheza vizuri kwa kiasi changu. Nilikosea mzunguko mmoja, mwalimu wangu akanivuta nikarudi kwenye mdundo. Felista alicheza vizuri mno. Majaji walimweka wa kwanza, mimi wa mwisho. Kura zilipojumlishwa, mimi na Kocha tukapita, yeye akatoka.

Je, walimnyima kura kwa sababu ya ngoma, au walinipa mimi kwa sababu ya redio? Nimegeuza swali hilo kila upande leo. Sijui, na nadhani hata waliopiga kura hawajui.

Baada ya watu kutawanyika nilimfuata nyuma ya jukwaa, alikuwa anavua viatu. Nikajikuta namwomba anifundishe kabla ya fainali. Siyo hatua, hatua mwalimu wangu anazo. Anifundishe kutotetemeka.

Alikubali, kwa sharti moja: siku ya fainali jina lake nalo litajwe. Nikasema nitalitaja mwenyewe, kwa kipaza sauti.

Kisha nikaona aibu. Tulikuwa tumelalamikia alichojifunza, na sasa mimi nakichukua ili nimshinde Kocha, ambaye hana. Nikamuuliza kama hiyo nayo ni haki. Nikamuuliza pia angefanyaje iwapo Kocha naye angekuja kuomba.

Felista alicheka mpaka akakaa chini.

“Kocha ameshaomba, mdogo wangu. Kakutangulia sasa hivi tu, hapo ulipokuwa unapigwa picha.”

Kwa hiyo kesho jioni tutakuwa watatu uani kwake. Ninachojiuliza sasa ni kama mimi na Kocha tutathubutu kutazamana usoni.