Plasta ya Mguu Mzima

Mbeya, Jumapili, 1956

Mguu unawasha! Tena mguu mzima, hauna hata mchubuko.

Jana darasani hapa hospitali tulifundishwa kufunga plasta ya mfupa uliovunjika. Mwenzangu Ambwene akanifunga mimi kwa mazoezi, toka paja hadi kisigino. Ikakauka kama jiwe. Mkasi wa kuikatia umefungiwa kabatini, na Sista anayetufundisha kaenda Iringa na ufunguo.

Leo nikajikongoja kanisani kwa magongo. Nani nimkute mlangoni? Baba mkwe mtarajiwa, katoka Rujewa kuuza mchele! Nikataka kueleza, akanikatiza: "Pole sana, mwanangu. Usijisumbue kusema."

Mchungaji akaniombea mbele ya watu wote. Mchana mzee akaniletea kuku mzima bwenini, akakaa kunitazama nikila. "Binti yangu nitakupa hata ukibaki kilema," akasema, machozi yanamlengalenga.

Ningesemaje jamani, na paja la kuku mdomoni?

Sasa naogopa kweli. Mzee yupo mpaka Ijumaa. Akiniona natembea vizuri, ama ataniita muujiza, ama tapeli, na binti nimemkosa.

Kesho Sista akirudi na ufunguo, namkimbia asiikate plasta hii mpaka mzee aondoke. Yaani, nachechemea haraka.