Makopo Mawili na Nusu

Jumatatu, 5 Juni 1972
Kutoka Ikonge mpaka Magwagwa hakuna anayejua injini kama mimi, Onchiri. Waliofika Fomu Foo wanajua mito ya Ulaya. Mimi darasa la sita lilinitosha – nikiweka sikio kwenye boneti, gari lenyewe linaniambia linaumwa wapi.

Nasema hivi kwa sababu leo Baba Mdogo Nyangau ameleta pikapu! Ya kijivu, imetumika, lakini inavuta. Kainunua kwa Hasmukh, Mhindi wa duka la vyuma Kisii, rafiki yake wa siku nyingi. Nilikwenda naye. Hasmukh akanishika bega akanieleza habari ya oili: ya zamani mwaga yote, mpya tia makopo manne, kila asubuhi pima na kijiti kabla ya kuwasha. "Lakini sikia, kijana. Gari simama sawa kwanza, ndiyo pima." Nikasema nimesikia, mzee.

Baba Mdogo anasema nikiitunza mwezi mzima bila kasoro, atanifundisha kuendesha. Mimi, dereva!

Jumanne, 6 Juni
Nimebadilisha oili. Peke yangu.

Gari hulala mteremkoni, pua chini, maana betri ni dhaifu. Asubuhi tunasukuma kidogo, linawaka. Hasmukh alitaka lisimame sawa – basi nimetia mawe kwenye magurudumu yote manne. Haliendi popote. Sawa kabisa.

Nikaingia chini na spana, nikafungua nati. Oili ikatoka nyeusi kama masizi, ya moto, karai likajaa. Nikaisugua kwa vidole. Nikainusa. Nikaonja kidogo (mbaya!). Inaingia na rangi ya asali, inatoka hivi – inakula nini mle ndani? Nitamwuliza Hasmukh.

Kisha mpya. Kopo la kwanza, la pili, nusu ya la tatu. Nikachomoa kijiti, nikafuta kwa tambara, nikarudisha, nikachomoa tena: oili imefika mstari wa juu! Sasa manne ya nini? Mhindi anataka kuuza tu. Kopo moja na nusu nimeweka chini ya kitanda.

Jumatano, 7 Juni
Kijiti: juu. Gari limekwenda Nyamira na kurudi. Nimewaambia vijana wa sokoni kwamba injini chini ya mkono wangu haili oili.

Alhamisi, 8 Juni
Mokeira, binti wa Baba Mdogo, yuko darasa la saba na mdomo wake ni wembe. Leo alikuwa anakunywa uji huku mimi napima.

– Kaka, mbona unapima gari limeinama?

Nikamwambia limesimama sawa, aangalie mawe. Akacheka mpaka uji ukamwagika. Halafu akainamisha bakuli lake. Upande mmoja uji ulifika ukingoni, upande wa pili chini kukaonekana.

– Sawa kama meza, wewe omomura, kijana mzima. Si sawa ya kuitikia "sawa".

Nikamfukuza aende shule. Alipoondoka nikachukua karai, maji na kijiti, nikajaribu mwenyewe mara tano. Ajabu! Maji ni yale yale, lakini karai likiinama, kijiti cha mbele kinasema limejaa. Kumbe oili yote imekimbilia mbele kwenye kijiti.

Nitaongeza kesho, kimya kimya.

Ijumaa, 9 Juni
Sikuongeza. Baba Mdogo aliuliza alfajiri, umepima? Na Mokeira amesimama pale pale, anangoja kucheka. Nikasema imejaa.

Tulipeleka ndizi Sironga. Wakati wa kurudi, kwenye mlima, injini ikaanza kugonga kama mtu anayepiga bati kwa nyundo. Moshi. Ikanyamaza. Tukalirudisha nyuma polepole mpaka uwanja wa shule, mahali tambarare. Baba Mdogo akachomoa kijiti. Kikavu. Akakifuta kwa shati lake, akakirudisha, akachomoa tena. Kikavu.

Watu wakajaa. Akauliza nilitia makopo mangapi. Mawili na nusu. Nani alikwambia mawili na nusu?

Nikasema Hasmukh.

– Na yaliyobaki?

– Alisema ni ya mwezi ujao.

Jua lilikuwa linashuka na Sabato inaingia. Akafunga milango, tukarudi kwa miguu.

Jumamosi, 10 Juni
Kanisani Baba Mdogo aliwaambia wazee kwamba kijana wake hana kosa. Kosa ni la mtu aliyemwita ndugu miaka kumi na miwili. Mzee mmoja akanipa mkono, pole sana. Mokeira aliniangalia wimbo mzima. Yeye hakuimba.

Jumapili, 11 Juni
Fundi ameifungua injini. Vyuma vya ndani vimekwaruzana vibaya. Anasema itapona, lakini ni kazi ya wiki nyingi.

Baba Mdogo amevaa koti lake la kanisani. Anakwenda Kisii kumwambia Hasmukh asije tena hapa, wala wasisalimiane njiani. Anataka niende naye, nisimame mbele ya Mhindi nirudie yale niliyosema kwenye uwanja wa shule. Amenipa nafasi ya kuosha uso. Uso nimeuosha. Naandika haraka.

Kuendesha gari, hilo limekwisha. Injini ina fundi wake. Lakini Hasmukh alisema manne. Alisema gari lisimame sawa. Mimi ndiye niliyekosa kuelewa Jumanne, na tangu Alhamisi nilikuwa nimeelewa.

Baba Mdogo ananiita mara ya pili. Bado sijavaa viatu.