Vidukari wa Yorladis na Mama Mkwe

Nubia shoga yangu, kaa kitako kwanza 😭

Dada Yorladis kasaga pilipili na kitunguu saumu, akatia sabuni kidogo, dawa ya vidukari, wale wadudu wa maua yake ya sebuleni. Akaiweka kwenye friji. Kwenye chupa ya pilipili ya mezani!!

Mchana huu mama mkwe wake kaja kula. Bi Ofelmina, yule ambaye miaka sita hajasifu hata maji ya nyumba ile.

Kaimimina dawa ile kwenye empanada, zile kama sambusa za nyama. KAIMIMINA, Nubia! Akala zote tatu.

"Binti, leo umejua kupika."

Yorladis akakiri: "Mama, nisamehe, hiyo ni dawa ya wadudu."



Bi Ofelmina akajifuta povu mdomoni: "Kumbe wadudu wako wanakula vizuri kuliko mwanangu!"