Dirisha la Mkono wa Kulia

Ilulissat, 4 Juni

Dada yangu mpendwa Kristiane,

Salamu nyingi zikufikie huko Aalborg. Magoti yako yanasemaje? Sisi huku wazima, ila nimeng'olewa jino jana na shavu limevimba kama sili aliyeshiba.

Barua yako niliipata. Ulisema kama nyumba ya wazazi kule Qeqertannguaq bado imesimama, utarudi kiangazi hiki tuikarabati. Kama imeanguka, tukuache huko huko. Dada, natamani mno urudi. Lakini barafu bado imeziba njia ya mashua, kwa hiyo nikaamua kuitazama kutoka angani, nikija huku kwa daktari wa meno na kumrudisha Aviaaja kwa mama yake, binti yangu Nivi.

Mjukuu wangu huyu, kama ujuavyo, ana jina la marehemu mama yetu. Tangu azaliwe namwita Mama, naye ananiita mwanangu, na kwa miaka yake sita kazi hiyo anaiweza: nisipovaa kofia, nakiona.

Ndege ile viti vyake havina namba. Awahiye ndiye achaguaye. Nikapenya kwa mabega, mpaka mzee Juuti, aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, akaniuliza, "We Enok, kwani huko ndani wanagawa ngozi ya nyangumi ya kula bure?" Nikamjibu atulie, pwani hii naijua kuliko mifuko ya suruali yangu: nchi kavu iko kulia. Nikakamata dirisha la kulia. Mama alipolitaka, nikamwambia akae la kushoto, ingawa huko ataona maji tu.

Miaka arobaini nimepita pale na mashua nikienda kaskazini kuwinda, na nchi kavu iko kulia, naam. Wakati wa kurudi huwa nasinzia, mwenzangu ndiye anayeshika usukani. Sasa ndege ilikuwa inakwenda kusini.

Nikakodolea bahari macho. Nilipozinduka, tulikuwa tumeshaamriwa kufunga mikanda, ndege inarukaruka. Nikapaza sauti, "Mama, unaona nini huko?" Abiria wakaangua kicheko. Akasema anaona nyumba moja ya njano juu ya mwamba, paa lipo, bomba la moshi limepinda kama mtu anayetega sikio. Kisha akanigeukia: "Mwanangu, mbona umekaa upande wa maji?" Juuti alicheka mpaka akapaliwa.

Sasa niungame. Nilikusudia kukuandikia kwamba nimeiona kwa macho yangu. Sikuiona. Picha niliyoitia humu ni ya bahari na kipande cha bawa. Lakini habari za bomba lile, alilolipachika baba siku ile amelewa, sikumsimulia mtoto hata siku moja. Nilipomuuliza kama ana hakika, alininunia mpaka tukatua.

Basi, Mama amesema nyumba ipo. Mimi simbishii, nawe zamani ulimbishia sana na hukushinda hata mara moja. Njoo, na misumari usisahau.

Nivi anakusalimu, kahawa na keki zinakungoja. Mama anasema uvae soksi nzito.

Mdogo wako akupendaye,
Enok